Duka la Wanakijiji Chini ya Long Mynd: Tathmini ya Mteja wa Miezi 14

Duka ninalolitathmini hapa lina ukubwa wa chumba kimoja cha darasa, limejengwa kwa mbao ubavuni mwa ukumbi wa kijiji, na ndilo duka pekee ambalo mtu asiye na gari angeweza kulifikia kutoka katika nyumba niliyoishi. Kijiji chenyewe kipo Shropshire, upande wa magharibi wa Uingereza unaopakana na Wales, chini ya mteremko wa magharibi wa mlima Long Mynd. Niliishi huko kuanzia Oktoba 2023 hadi Desemba 2024, nikimtunza mama mmoja mjane wa miaka 88 nyumbani kwake, na kwa kuwa mimi sikuwa na gari na yeye alikuwa ameacha kuendesha, karibu kila chakula tulichokula, kila barua tuliyotuma na kila dawa aliyomeza ilipitia kwenye kaunta ya duka hili. Kamati inayoliendesha iliniomba nisitaje jina la kijiji, kwa sababu barabara ya kuingilia inatosha gari moja tu na hakuna nafasi ya kuegesha, nami nimeliheshimu ombi hilo. Hata hivyo, maduka ya namna hii yapo kwa mamia katika vijiji vya nchi hiyo, na naamini msomaji yeyote anayekwenda huko kutunza wazee, kusoma au kuishi na familia atafaidika akijua mapema duka la wanakijiji linampa nini, linamnyima nini, na kwa nini ni kosa kulipima kwa bei ya maziwa peke yake.

Nianze na umiliki, kwa maana mambo mengine yote ya duka hili, mazuri na mabaya, yanachipuka hapo. Kama nilivyosimuliwa na wanakamati, duka la zamani lilikuwa mali ya mtu binafsi, na mwenyewe alipozeeka akakosa mnunuzi, akafunga milango. Wanakijiji walikaa zaidi ya mwaka mmoja bila duka, kisha wakaitana ukumbini, wakachanga fedha, wakaunda chama cha manufaa ya jamii na kujenga kibanda hiki kwa hisa, ruzuku na mkopo mdogo. Vyama vya aina hiyo vinaongozwa na sheria ya mwaka 2014 inayohusu vyama vya ushirika na vya manufaa ya jamii, na utaratibu wake unaeleweka kwa urahisi: mtu hununua hisa, na katika mkutano mkuu kila mwanachama hupiga kura moja, awe ameweka pauni 25 au pauni 2,000. Hisa hizo haziuzwi sokoni na thamani yake haipandi. Anayetaka kujitoa hukiomba chama kimrudishie fedha zake kadiri hali ya chama inavyoruhusu. Faida ikipatikana hurudi kijijini. Asasi ya Plunkett UK, ambayo mizizi yake ni kazi iliyoanzishwa mwaka 1919 na Sir Horace Plunkett, mwanaushirika kutoka Ireland, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuvishauri vijiji vinavyotaka kumiliki maduka na baa zao kwa njia hii. Bibi niliyemtunza alikuwa na hisa za pauni 50, na cheti chake kilikuwa kimewekwa kwenye fremu ukutani, karibu na picha ya marehemu mumewe. Namwita Bibi ingawa majirani zake wote, hata vijana, walimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi wangu haukukubali kabisa.

Wanaohudumu ni meneja mmoja anayelipwa mshahara, msaidizi wake wa nusu siku, na watu wapatao 30 wanaojitolea kwa zamu za saa mbili mbili. Wengi wao ni wastaafu: aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa muuguzi, mfugaji aliyemwachia mwanawe shamba. Anayetaka huduma ya haraka atachoka mapema, kwa kuwa mhudumu huweza kusimama mbele ya mashine ya hesabu akitafuta kitufe cha vitunguu, na kwa kuwa aliyetangulia kwenye foleni hatalipia gazeti lake mpaka amalize kueleza habari za upasuaji wa goti. Mwanzoni nilikereka, maana nilikuwa nimemwacha mzee peke yake nyumbani. Baada ya majuma machache nilitambua kwamba mazungumzo ya goti ni sehemu ya huduma yenyewe. Kijijini humo wapo wazee wanaoishi peke yao katika nyumba za mawe zilizo mbali mbali, ambao mtu wa kwanza na wa mwisho wanayesema naye kwa siku ni yule aliye nyuma ya kaunta. Bibi alipopata kikohozi kikali, nasi tukakosa kuonekana kwa siku tatu, mhudumu wa zamu alipiga simu kuuliza kulikoni kabla sijamweleza mtu yeyote.

Upande mwingine wa jambo hilo nao nitausema wazi. Katika juma langu la kwanza mama mmoja aliyekuwa akipanga magazeti aliniuliza kwa sauti ya upole kama nimepotea njia. Nilimjibu kwamba nimekuja kununua maziwa. Swali hilo liliniuma, na sioni sababu ya kulificha, maana msomaji mwenye ngozi kama yangu huenda akakutana nalo katika vijiji ambavyo wageni wake wa kawaida ni watembea milimani wenye mabegi mgongoni. Meneja aliyasikia mazungumzo hayo. Tangu siku iliyofuata alinitambulisha kwa jina langu kwa kila aliyeingia nikiwepo, akitaja na nyumba ninayoishi, na mama yule yule ndiye baadaye aliyenifundisha njia fupi ya kupita mashambani.

Njia hiyo inastahili nafasi katika tathmini hii, kwa sababu kwa mtu wa miguu duka huanzia mlangoni pa nyumba yake. Kwa barabara tulikuwa na mwendo wa dakika 25, katika njia nyembamba iliyozingirwa na ua wa miti mirefu pande zote mbili, isiyo na mahali pa kukanyaga pembeni gari linapotokea. Kwa njia ya miguu nilitumia dakika 12. Nchini humo zipo njia za umma zinazokatiza mashamba ya watu, na mwananchi ana haki ya kupita humo hata kama ardhi ni ya mwingine. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyozitaka halmashauri zichore ramani rasmi za njia hizo. Mshale wa njano uliopigiliwa kwenye nguzo huonyesha njia ya watembea kwa miguu, na wa buluu huonyesha njia ambayo hata farasi na baiskeli huruhusiwa. Nilipita malisho mawili ya kondoo, nikapanda ngazi ya mbao ya kuvukia ua, nikafunga kila lango nililolifungua. Machi na Aprili, kondoo wanapozaa, nilizunguka pembeni ili nisiwashtue. Kuanzia Novemba njia yote huwa tope, kwa hiyo gambuti si anasa. Duka linaziuza, jozi chache za kila saizi, na kapeti ya mlangoni imetengenezwa kwa ajili yake. Kijiji hakina taa hata moja ya barabarani. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na anayetoka dukani wakati wa kufunga hurudi nyumbani kwa tochi, wakati mwezi Juni huona njia yake vizuri hata baada ya saa tatu usiku.

Sasa niingie kwenye rafu. Mkate huletwa na mwokaji wa mjini kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, ukiwa bado na joto, na kwa siku nyingi huwa umekwisha ifikapo saa nne. Anayejua huagiza tangu jana yake, na jina lake huandikwa kwa penseli juu ya mfuko. Mayai hutoka katika mashamba mawili ya jirani na ubora wake sijauona katika duka kubwa lolote nililoingia. Nyama huja Alhamisi kutoka kwa mchinjaji wa mji wa karibu, zaidi ya kondoo na nguruwe. Anayekula halali asitarajie chochote katika jokofu hilo; mimi nilikuwa nikisafiri hadi Birmingham mara moja kwa mwezi na kurudi na mzigo wa kugandisha. Jibini ndiyo fahari ya kaunta, hasa ile ya rangi ya chungwa yenye mishipa ya buluu inayoitwa Shropshire Blue. Ladha yake ni kali lakini ina ulaini wa siagi, na inafaa kujua kwamba pamoja na jina lake haikuzaliwa Shropshire: ilitengenezwa kwanza Scotland, karibu na Inverness, katika miaka ya 1970.

Kitu ambacho ningemwomba kila mgeni akionje ni jamu ya whinberry. Hili ni tunda dogo la rangi ya zambarau iliyokolea, linaloota kwenye vichaka vifupi juu ya Long Mynd, na wenyeji huenda kulichuma Julai na Agosti kwa kuinama saa nyingi wakipata kikombe baada ya kikombe. Wenzao wa sehemu nyingine za nchi huliita kwa majina mengine, lakini ukilitaja hivyo dukani utasahihishwa. Akina mama wawili wa kijijini huipika jamu hiyo majumbani kwao, na chupa zisizozidi 60 hufika rafuni kila mwaka. Nilinunua moja Agosti 2024 kwa pauni 4.50, nikaila juu ya skonzi zinazouzwa hapo hapo, na nikajuta kutonunua mbili. Ina uchachu unaozuia sukari isitawale mdomo, na rangi yake hubaki kwenye meno mpaka jioni.

Mboga ni habari nyingine. Majira ya joto duka hupokea maharage mabichi, viazi vipya, saladi na maboga kutoka bustani za wanakijiji, na bei yake ni ndogo kuliko ya mjini. Januari na Februari nilikuta karoti zilizolegea, brokoli zenye manjano na nyanya zisizo na ladha yoyote kwa bei ambayo sikuweza kuitetea. Kwa miezi hiyo miwili ni afadhali kununua mboga zilizogandishwa. Viungo vilikuwa pilipili manga, unga wa bizari ya mchanganyiko na mdalasini, basi. Nilipomuuliza meneja kama muuzaji wake wa jumla anaweza kuleta unga wa mahindi uliosagwa laini, aliandika kwenye daftari bila kuuliza ni wa nini, na baada ya siku tisa mifuko sita ilikuwa rafuni. Nilinunua minne. Miwili iliyobaki ilinunuliwa na mkulima mmoja aliyetaka kujaribu, na tangu hapo duka liliendelea kuagiza. Duka kubwa lisingeweza kunifanyia hivyo, hata kama lingetaka.

Kuhusu bei, nitatoa mfano mmoja niliouandika. Chupa ya maziwa ya painti nne, ambayo ni lita mbili na robo hivi, iligharimu pauni 1.90 dukani hapo wakati ile ile ilikuwa pauni 1.45 katika duka kubwa la mjini. Sabuni ya kufulia ilizidi kwa pauni moja na nusu, na mafuta ya kupikia hivyo hivyo. Kwa mwenye gari anayefanya kazi mjini, tofauti hiyo ni halisi na itamsumbua. Kwangu mimi hesabu ilikuwa tofauti. Basi lilipita kijijini Jumanne na Ijumaa tu, likienda asubuhi na kurudi mchana. Nauli ilikuwa pauni 2 kwa sababu ya ukomo wa nauli uliowekwa na serikali tangu Januari 2023, ambao baadaye, Januari 2025, ulipandishwa hadi pauni 3. Bibi alisafiri bure kwa kadi ya wazee, ila kadi hiyo hufanya kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi siku za juma. Kampuni inayoendesha basi hilo iliwahi kutuacha kituoni mara tatu katika majira ya baridi moja bila taarifa yoyote, na teksi ya kwenda na kurudi ilinigharimu pauni 34. Mtu aliyewahi kulipa teksi ya pauni 34 kwa ajili ya maziwa na vidonge halalamikii senti 45. Pia ieleweke kwamba njia fupi ya kuvuka mlima kwenda mji wa Church Stretton ulio upande wa pili, inayoshuka kwa barabara ya Burway, ni nyembamba na ya mteremko mkali, na theluji ikianguka hata wenye magari huiacha.

Posta ndiyo huduma niliyoithamini kuliko zote. Haina ofisi yake. Mhudumu wa posta huja Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa sita mchana, akafungua kompyuta yake kwenye kona ya duka. Kwa muda huo mfupi mtu anaweza kutuma vifurushi, kulipa bili, kutoa na kuweka fedha katika akaunti za karibu benki zote kubwa za nchi, na kununua fedha za kigeni kwa kuagiza. Benki za mji wa karibu zilikwisha kufunga matawi yao, hivyo kwa Bibi, ambaye hakutaka kugusa huduma za benki kwa simu, kona hiyo ndiyo iliyokuwa benki yake. Alhamisi alivaa koti lake zuri, akachukua mkongojo, tukaenda kwa gari la jirani. Alitoa pauni 80, akazihesabu mwenyewe, akanunua stempu. Stempu ya daraja la kwanza ilikuwa pauni 1.25 nilipofika, ikawa pauni 1.65 kabla sijaondoka, naye aliupinga kila upandaji kwa barua aliyoituma kwa stempu hiyo hiyo. Jambo moja katika mfumo huo lilinipendeza: barua ya kwenda nyumba ya pili na barua ya kwenda kisiwa cha mwisho cha Scotland hulipiwa bei ile ile, kwa hiyo mwanakijiji hatozwi zaidi kwa kuishi mbali. Sanduku la barua lililojengewa kwenye ukuta wa mawe karibu na mlango lina herufi za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, na bado hufunguliwa kila siku ya kazi.

Dawa nazo huja kwa mlango huo. Sheria za afya huko huwaruhusu madaktari wa vijijini kuwatolea dawa wagonjwa wanaoishi zaidi ya maili moja kutoka kwenye duka la dawa, na kliniki yetu iliyokuwa umbali wa kilomita 10 ilizileta dukani Jumatano na Ijumaa katika mifuko ya karatasi iliyofungwa. Hutunzwa kwenye kabati lenye kufuli, na anayechukua hutaja jina na anwani. Katika miezi 14 mfuko wetu ulichelewa mara moja tu.

Usiku mmoja wa Januari dhoruba iliangusha miti juu ya nyaya, na umeme ukakatika kwa muda wa siku mbili kasoro. Mtandao ulizimika, simu za mkononi zikafuata, na mashine ya kadi ikawa haina maana. Nilikwenda dukani asubuhi nikiamini nitakuta pamefungwa. Nilikuta mlango wazi, taa ya betri ikining'inia kwenye ndoano ya jibini, jiko la gesi la kambi likichemsha maji, na meneja ameshika daftari la karatasi akiandika nani amechukua nini. Watu wenye fedha taslimu walilipa, wasio nazo waliandikiwa deni. Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kupita kwenye nyumba za wazee kupeleka chupa za maji ya moto, na orodha ya nyumba hizo ilikuwa tayari, ukurasa wa kwanza wa daftari, imeandikwa miaka iliyopita na kufutwa majina ya waliofariki. Nyingi za nyumba hizo hupashwa joto kwa mafuta yanayohifadhiwa kwenye tangi uani, kwa kuwa bomba la gesi halifiki kijijini, na umeme ukikatika hata mtambo wa mafuta husimama. Bibi alipata chupa yake ya maji ya moto na supu. Nilipouliza baadaye kama madeni ya siku zile yalilipwa, nilionyeshwa ukurasa: kila mstari ulikuwa umekatwa.

Nje ya mlango kuna ubao wa matangazo, ambao kwa mgeni una thamani kuliko kitabu cha mwongozo. Hapo hubandikwa ajenda ya baraza la parokia, ambalo licha ya jina lake si la kanisa bali ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1894. Hapo pia nilijua siku ya kutolewa taka, usiku wa mazoezi ya wapiga kengele wa kanisa, kuni zinazouzwa na paka aliyepotea. Kibanda chekundu cha simu kilicho kando, cha muundo wa mwaka 1935 uliobuniwa na Giles Gilbert Scott, hakina simu tena. Kijiji kilikinunua kwa pauni moja kutoka kampuni ya simu na kuweka ndani yake kifaa cha kuushtua moyo uliosimama. Wahudumu wote wa duka wamefundishwa kukitumia. Ndani ya duka zipo meza mbili za kunywea chai, na ramani ya watembeao milimani, namba 217 ya mfululizo wenye jalada la chungwa, huuzwa karibu na meza hizo. Chai ni pauni 1.80 kwa birika dogo, nayo ni chai kweli, iliyoiva.

Kasoro zake sitazipunguzia uzito. Kubwa kuliko zote ni saa za kufungua. Siku za juma duka hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumamosi hadi saa saba mchana, na Jumapili saa tatu hadi saa sita. Sheria ya biashara ya Jumapili ya mwaka 1994 huyabana maduka makubwa yanayozidi mita za mraba 280, hayo huruhusiwa kufungua kwa muda wa saa sita tu siku hiyo, lakini duka dogo kama hili liko huru kufungua kutwa. Halina watu wa kukaa zamu, hiyo ndiyo sababu. Anayefanya kazi mjini huondoka kabla halijafunguliwa na kurudi limefungwa, na matokeo yake ni kwamba vijana wa kijiji, ambao ndio wenye mishahara, hawalitumii. Choo cha wateja hakuna, isipokuwa ukumbi ukiwa wazi. Njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni ni ya kokoto, na kiti cha magurudumu cha Bibi kilizama humo kila mara, mpaka tukaanza kubeba ubao wa kupitishia. Usiri ni mdogo: nilinunua dawa ya tumbo asubuhi, jioni nikaulizwa hali yangu na mtu ambaye sikuwepo naye. Na wahudumu wanazeeka. Wakati nikiwa huko wanne waliacha zamu kwa sababu ya afya, na nafasi mbili tu zilijazwa.

Nikitakiwa kutoa alama, ninalipa duka hili nne kati ya tano, na alama moja iliyopungua ni ya saa za kufungua na kokoto. Kwa mtunza wazee asiye na gari ningeshauri afanye nililofanya kwa kuchelewa: anunue vitu vyake vya msingi hapo tangu juma la kwanza, aagize mkate kwa jina, aulize kisichopo, na ajitolee zamu moja kwa mwezi ikiwa kibali chake na mwajiri wake vinaruhusu. Anayelitumia duka kwa kiberiti na stempu peke yake, huku akinunua mengine yote mjini, hapaswi kushangaa siku atakapokuta mlango umefungwa kama ule wa duka la zamani.

Mkutano mkuu wa wanachama niliuhudhuria Novemba 2024 pamoja na Bibi, nikiwa nimenunua hisa yangu ya pauni 25 mwezi mmoja kabla. Walikuja watu 61 ukumbini. Hoja iliyojadiliwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa kufungua hadi saa kumi na mbili na nusu jioni kila Jumatano, ili wanaorudi kutoka kazini wapate kununua, na mzee mmoja alisimama kuuliza ni nani atakayekaa zamu hiyo gizani. Wanawake wawili wa umri wa miaka 30 na kitu, ambao sikuwahi kuwaona dukani, walinyosha mikono wakasema watakaa wao. Hoja ilipita kwa kura 54. Habari ya kokoto nayo ilipelekwa kwa kamati, na Bibi alisisitiza iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na upana wa kiti chake.